Riboni ya waridi na pipa la buluu

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha watu kuhusu saratani ya titi, Mombasa huvaa waridi. Fulana hugawiwa, riboni hubandikwa vifuani, watu hutembea asubuhi na mapema jua halijawa kali, na mwisho wa matembezi kuna hema, spika kubwa na mgeni rasmi aliyechelewa. Mimi huenda. Fulana zangu za Oktoba zimeshakuwa za kulalia. Na sina ugomvi na siku hiyo, maana nawajua wanawake waliokaguliwa chini ya lile hema, wakakutwa na uvimbe ungali mdogo, na leo wanalea wajukuu.

Lakini tega sikio usikie yanayosemwa kwenye spika. Jikague. Nenda ukapimwe. Usichelewe. Kula mboga. Punguza mwili. Amri zote zinamshukia mwanamke mmoja aliyesimama juani. Hakuna anayeuliza mboga hiyo ilipuliziwa dawa gani, maji anayokunywa nyumbani yamekaa ndani ya chombo gani, wala krimu anayojipaka ilipitia wapi mpaka ikafika dukani. Tunasema kinga na tunamaanisha kupima. Kupima ni jambo kubwa, ila mamogramu, yaani eksirei ya titi, haiuzuii ugonjwa, inauona. Kinga yenyewe, ile ya kuhakikisha visivyofaa haviingii mwilini, haina siku yake wala fulana yake, kwa sababu ukiianza tu unajikuta unazungumza na wenye viwanda, wenye maduka na wenye vyeo. Riboni haimkasirishi mtu. Swali la pipa linamkasirisha.

Nitafika kwenye pipa. Kwanza hesabu, nisije nikaambiwa nawatisha watu bure. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya titi, na vifo 3,107. Dunia nzima, kwa mwaka 2022, waligunduliwa wanawake milioni 2.3 na wakafariki 670,000. Gawanya mwenyewe. Kwetu vifo vinakaribia nusu ya wanaogunduliwa. Duniani havifiki theluthi. Pengo hilo halikuletwa na kemikali. Limeletwa na kuchelewa, na pesa, na safari. Kabla hospitali ya Coast General, au Makadara kama tunavyoiita wenyeji, haijapata mashine za mionzi, mgonjwa wa Pwani alipanda basi mpaka Nairobi, akatafuta jamaa wa kumlaza kwa wiki kadhaa, akapanga foleni na wenzake wa nchi nzima.

Mamangu mdogo ni mmoja wa waliopanda basi hilo. Alikaa na uvimbe tangu kabla ya Ramadhani mpaka Mfunguo Tatu. Alinyweshwa kombe, yale maji ya aya za Kurani, akafukizwa, akaambiwa ni jicho la watu kwa sababu ya nyumba aliyokuwa akijenga. Simcheki yeyote, kombe nami nimelinywa, na dua na daktari hazijawahi kugombana ila pale mmoja anapomzuia mwenzake. Kilichomzuia yeye hasa ni aibu. Kliniki aliyokwenda mwanzo alimkuta daktari mwanamume, akageuza njia mlangoni. Aliporudi, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwapani. Alikatwa titi, akatiwa dawa, akachomwa mionzi, na Mungu akamponya. Sasa ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote katika kikundi chetu, na ndiye aliyeuliza swali lililotuanzisha: "Kwetu hakuna aliyewahi kuugua huu. Mimi umenitoka wapi?"

Ni swali la haki. Saratani za titi zinazotokana moja kwa moja na urithi ni asilimia 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Nusu nzima! Daktari mwaminifu atakwambia hajui. Na panapokosekana jibu, watu hujaza wenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa chama cha kawaida cha kina mama wa Kisauni: kupeana pesa kwa zamu, kuchangiana harusi na matanga. Tulipoanza kuzungumza habari za saratani, kikao cha kwanza kizima kiliishia kwenye sidiria. Je, ni kweli sidiria nyeusi inaleta kansa? Yenye waya je? Na simu inayokaa kifuani siku kutwa sokoni Kongowea? Na noti? Na dawa ya kwapa? Yote hayo yamezunguka kwenye WhatsApp na sauti ya mtu anayejiita daktari. Hakuna hata moja lililothibitishwa na utafiti wa maana. Noti ya mia mbili ikilala kifuani itakuchafua, haitakuua. Nilipenda kuanzia hapo, kwa sababu mtu anayetaka kupigania jambo la kemikali lazima kwanza ajifunze kukataa uongo wa upande wake mwenyewe. Ukikamatwa na moja, hata la kweli halitasikilizwa.

Kisha msusi mmoja, mwanachama, akaja na kikapu chake cha kazi na kukimwaga chote juu ya mkeka. Dawa za kunyoosha nywele za mikebe mikubwa, rangi, spreyi, mafuta ya kung'arisha, jeli. Tukaanza kusoma lebo. Herufi zenyewe ni ndogo kama mayai ya chawa. Mwenye miwani alisoma, mwenye simu nzuri alipiga picha na kuikuza, na wasichana waliomaliza shule wakatafuta majina kwenye intaneti.

Tuliyoyakuta mara nyingi ni parabeni, ambazo huzuia bidhaa isioze, na neno manukato. Mtengenezaji kwa kawaida halazimiki kueleza kilichomo ndani ya hayo manukato. Anaandika manukato, basi. Humo ndimo thaleti hukaa, kemikali zinazoshikilia harufu isipotee, na ambazo pia hulainisha plastiki. Wasiwasi wa wanasayansi ni kwamba vitu hivi, kila kimoja kwa namna yake, huvuruga homoni, na estrojeni ni homoni ambayo saratani nyingi za titi hukua kwa kuitegemea.

Je, kuna ushahidi kwa binadamu? Upo, na inafaa kuusoma polepole. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya mazingira imekuwa ikiwafuatilia wanawake zaidi ya 50,000 ambao dada zao waliugua saratani ya titi. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanawake weusi waliotumia rangi ya kudumu ya nywele walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 45 kuliko wasiotumia. Kwa wanawake wazungu ziada ilikuwa asilimia 7. Dawa ya kunyoosha iliongeza asilimia 18 kwa jumla, na kwa waliorudia angalau kila wiki tano hadi nane, kama asilimia 30. Hapo kikao kililipuka. Mmoja alishika kichwa chake akauliza kama anyoe leo leo. Ikabidi tueleze: asilimia 45 si wanawake 45 kwa kila 100. Tuseme kati ya wanawake 100 watano wangeugua. Ongezeko hilo linawafanya wawe kama saba. Halafu utafiti wa aina hii unaona mambo mawili yakienda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Lakini wawili wa ziada ni watu, na nywele si lazima zinyooshwe.

Anayeumia zaidi, nadhani, ni msusi mwenyewe. Mteja hukaa na dawa nusu saa kisha huoshwa akaenda zake. Msusi anaivuta kutwa, chumba kimoja, feni moja, mlango umefungwa kwa pazia ili wanaume wasichungulie. IARC imeiweka kazi ya ususi katika kundi la kazi ambazo yamkini husababisha saratani, na hapo inayotajwa hasa ni ya kibofu. Glavu tuliziona kwenye kila pakiti ya dawa ya mkeka ule. Alipoulizwa, msusi alicheka: glavu moja haitoshi vichwa kumi, na za kununua anazikata kwenye faida yake.

Kutoka nywele tukahamia mikono na miguu, kwani huwezi kuzungumza habari za urembo Mombasa ukaruka harusi. Hina ya majani, iliyopondwa na kukandwa kwa ndimu, haina kesi. Piko ndiyo yenye kesi. Ule weusi wa kumeta bibi harusi anaoutaka juu ya hina hupatikana kwa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, na hairuhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Kwetu inachorwa kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Ushahidi wake mkubwa ni wa mzio na malengelenge, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuyaona kwa bibi harusi fulani, mengine yakaacha kovu lenye umbo la ua lile lile. Kuhusu saratani ya titi haijathibitika, na tulimwambia mpambaji wetu hivyo hivyo. Yeye akajibu: "Bibi harusi akitaka piko nitamwambia nini? Harusi ni yake, pesa ni zake. Nikikataa, jirani yangu anachora." Sikuwa na jibu la papo hapo. Watu wanaohubiri habari za kemikali husahau haraka kwamba upande wa pili wa mkebe kuna mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Na mkorogo. Sabuni na krimu za kujichubua zimepigwa marufuku Kenya zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, lakini zinauzwa, nyingine waziwazi. Zebaki haijulikani kwa kuleta saratani ya titi. Madhara yake ni ya figo, mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni. Niliiingiza kwenye kikao kwa sababu iko rafu ile ile, inauzwa na mtu yule yule, na kwa sababu ya jambo moja ambalo Shirika la Afya Duniani limelieleza: baadhi ya bidhaa zenye zebaki huandikwa kwenye maelezo yake kwamba zisigusane na dhahabu, fedha, aluminiamu wala mpira. Msichana mmoja alikuwa na sabuni ya namna hiyo nyumbani. Akaileta, tukasoma: epuka kugusa vito. Mamangu mdogo akaishika kwa ncha ya vidole, akageuza bangili zake upande wa pili. "Haitaki kugusa dhahabu yangu," akasema, "basi ngozi yangu ndiyo rahisi?"

Wazee huuliza kama kupunguza vitu hivi kunaleta tofauti yoyote, maana vimeshatuingia tangu utotoni. Kuna jaribio moja napenda kulisimulia. Salinas, California, ni mji wa mashamba, na wakazi wengi ni familia za wafanyakazi wenye asili ya Mexico. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishirikiana na vijana wa hapo, vijana wenyewe wakasaidia kupanga utafiti, na wasichana 100 wakabadilishiwa sabuni, shampuu na vipodozi kwa siku tatu tu, wakapewa visivyo na kemikali zilizolengwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Mkojo wao ulionyesha parabeni mbili zimeshuka kwa takriban asilimia 44 na 45, na mabaki ya thaleti moja kwa asilimia 27. Siku tatu. Maana yake kemikali hizi hazikai mwilini kama mpangaji sugu. Zinatoka upesi, tatizo ni kwamba tunazirudisha kila asubuhi.

Ndiyo maana mimi wasiwasi wangu mkubwa ni wasichana wadogo. Kila inapokaribia Idi, saluni za mitaani hujaa watoto wa miaka saba, minane, wanatiwa dawa nywele zilale vizuri chini ya tepe. Imethibitika vya kutosha kwamba msichana anapovunja ungo mapema, hatari yake ya saratani ya titi ukubwani huongezeka. Kwa kila mwaka mmoja wa kuwahi, kama asilimia 5. Na watafiti wale wale wa Salinas walikuta mwaka 2018 kwamba mabinti wa akina mama waliokuwa na kiwango kikubwa cha thaleti fulani wakati wa mimba walibaleghe mapema zaidi. Nywele za mtoto zinaweza kusukwa. Hapa sibishani na mtu, nasimama hapo hapo.

Sasa pipa.

Mombasa maji hayana ahadi. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima limetulisha tangu miaka ya 1950, mji umekua mara nyingi kuliko bomba, na kwa hiyo kila nyumba ina akiba yake. Mwenye uwezo ana tangi juu ya paa. Asiye na uwezo ana pipa la buluu la plastiki, lita 200 na ushei, lililonunuliwa kuukuu. Mapipa hayo hayatengenezwi kwa ajili ya maji yetu. Huingia nchini au kutoka viwandani yakiwa na kitu: mafuta ya kupikia, juisi nzito, glisirini, sabuni ya maji, gundi, rangi, dawa za kusafishia mitambo. Yakiisha kazi huuzwa kwa wachuuzi, wachuuzi huyaosha kwa sabuni na mchanga, hukwangua lebo, na huyapanga kando ya barabara. Ukiuliza lilikuwa la nini, jibu ni moja siku zote: la juisi.

Tulikwenda kuyaangalia, kina mama kadhaa, tukijifanya wanunuzi, na wengine kweli walikuwa wanunuzi. Ukiingiza kichwa ndani ya pipa lililokaa juani linakwambia lenyewe lilibeba nini. Moja lilinukia embe. La pili halikuwa na harufu. La tatu lilinukia kama duka la rangi, na mwenye kuliuza alikuwa amekwangua lebo kwa kisu mpaka plastiki ikafanya nyuzi, lakini kwenye mshono wa chini ilibaki pembe ya karatasi: ukingo mwekundu wa alama ya hatari na nusu ya picha. Ilikuwa picha ya kifua cha mtu, na katikati yake kitu kama nyota inayopasuka. Alama hiyo ni ya kimataifa. Huwekwa kwenye kemikali zenye madhara ya muda mrefu: saratani, uzazi, viungo vya ndani. Pipa hilo lilikuwa na bei sawa na la embe.

Plastiki yenyewe ya mapipa haya kwa kawaida si mbaya. Ubaya ni kwamba plastiki hunyonya. Kilichokaa humo miezi sita hakitoki chote kwa mchanga na sabuni, kinatoka kidogo kidogo na maji ya kupikia uji. Ni kiasi gani? Inategemea kilikuwa nini. Lakini hili si jambo la kumwachia mama wa Mishomoroni alipime kwa pua yake. Ni jambo la kanuni: anayetoa pipa la kemikali kiwandani alirudishe alikolitoa au alitoboe lisiweze kuwekwa maji, kama inavyoelekezwa kwa mikebe ya dawa za mashambani.

Kila tukitaja kanuni, mtu husema serikali haisikii. Huwa nawajibu kwa Owino Uhuru. Kijiji hicho cha mabanda kiko upande wa bara, njia ya kwenda Jomvu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa humo, mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi mwilini mwa mtoto, yaliyomfikia kupitia maziwa ya mama. Akaacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ya 2023 ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, damu, figo na mimba. Siyaingizi kwenye saratani ya titi kwa nguvu. Ninachokitaka pale ni njia waliyopita. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Huhitaji kungoja uvimbe.

Habari ya maziwa ya mama ilizua hofu kwenye kikao, kwamba basi tusinyonyeshe. Hapana. Utafiti uliounganisha tafiti 47 za nchi 30, uliotolewa mwaka 2002, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Wazee wetu waliosisitiza miaka miwili kamili walikuwa wakimlinda na mama pia. Pombe, upande wa pili, ni kisababishi kinachojulikana cha saratani ya titi, na haijali imetoka kwenye chupa ya hoteli au kwenye mnazi wa mangweni. Unene baada ya hedhi kukoma nao umo. Haya yanasemwa kila Oktoba, sitayarudia.

Linalosemwa kidogo ni jinsi sayansi yenyewe inavyoweza kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa Long Island, New York, waliona wanaugua kupita kiasi, wakaandika ramani za mitaa yao nyumba kwa nyumba, wakaibana serikali, na mwaka 1993 bunge la Marekani likaagiza utafiti. Majibu yalipotoka 2002, DDT, dawa ya kuua wadudu, haikuonekana kuwa na uhusiano. Moshi wa vitu vilivyoungua, yaani kemikali za masizi, ulionyesha uhusiano wa wastani. Wengi walikata tamaa. Lakini huko California kulikuwa na damu ya akina mama iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1959 hadi 1967, na mwaka 2007 mtafiti Barbara Cohn na wenzake walipoipima walikuta kwamba wanawake waliokuwa na DDT nyingi, na walioanza kuipata wakiwa hawajafika miaka 14, walikuwa na hatari mara tano. Long Island walipima damu ya watu wazima. Walichokosa ni umri. Titi linalokua si titi lililokwisha kukua, na ndio maana narudi tena kwa wale watoto wa saluni.

Moshi nao tunao. Jaa la Kibarani lilipofungwa taka zikaelekezwa Mwakirunge, lakini taka nyingi hazifiki huko. Huchomwa jioni nyuma ya nyumba, nepi, plastiki, waya, vyote pamoja, kwa sababu gari la taka halikuja. Plastiki za aina fulani zikiungua hutoa sumu ziitwazo dioksini, na iliyo mbaya kuliko zote IARC imeiweka kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe nyumbani. Zitenganishwe ziende wapi, hilo ndilo tunalouliza.

Hatukubaliani wote. Mwanachama mmoja, muuguzi mstaafu, anaona habari hizi za kemikali zinatupotezea nguvu. Anataka kila shilingi iende kwenye nauli ya kumpeleka mwanamke Makadara na kumtafutia daktari wa kike. Nikitazama zile hesabu za vifo, nakubali kwamba kwa leo yeye ndiye mwenye haki zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa 2018 unataka mamogramu kuanzia miaka 40, na wengi wetu tumevuka 40 bila kuiona mashine. Kwa hiyo nauli tunachanga. Lakini kukataa kununua pipa lililokwanguliwa lebo hakugharimu nauli ya mtu.

Na hilo limefanya kazi kuliko barua zetu. Mchuuzi mmoja wa mapipa sasa huyaacha na lebo zake. Hajaongoka, aliona tu wanawake wanayapita yale yaliyokwanguliwa. Yenye alama mbaya anawauzia mafundi wa ujenzi, na hapo mjadala mwingine umeanza, maana mafundi nao hunywa maji. Ustadhi wa madrasa ya jirani ametukubalia tuzungumze na wazazi kabla ya Idi. Mpambaji bado anachora piko, ila watoto anawachora hina tupu na amepandisha bei ya piko mpaka wakubwa wanafikiria mara mbili. Barua yetu kuhusu mapipa ilipokelewa katika ofisi moja ya hapa mjini, ikapigwa muhuri, na kila tukienda tunaambiwa mhusika yuko mkutanoni. Jumatatu tunarudi. Mamangu mdogo ameshaagana na mwenye mkokoteni: safari hii anakwenda na pipa lenyewe, na mhusika ataombwa aingize kichwa ndani.